Mkaguzi Aliyepima Kazi Yake Mwenyewe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukagua malori barabarani, Mzee Uvungu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Cheti alichoandaliwa kinamsifu kwa malori elfu sitini na mawili. Hiyo ndiyo hesabu ambayo amekuwa akiipinga kwa miaka kumi na miwili.

Jina alipewa na madereva. Sisi wenzake tulipokuwa tukitazama stika za vioo, yeye alikuwa chini ya lori, tochi mdomoni. "Mzee, toka huko uvunguni, shemeji anakutafuta!" walimtania. Alitoka na grisi usoni, na mara nyingi lori halikuondoka. Stika huchukua dakika moja, breki ishirini. Kituo kinachotaka hesabu kubwa huchagua stika.

Kisha, miaka kumi na miwili iliyopita, wakaguzi wote wakapelekwa mafunzoni wiki sita, barabara ikabaki bila ukaguzi. Aliporudi, Mzee alikwenda polisi kunakili daftari la ajali. Ajali hazikuwa zimeongezeka hata kwa moja. Mwingine angenyamaza. Yeye aliandika ripoti kwamba kazi yetu, jinsi tunavyoifanya, haizuii chochote. "Mzee, unataka tufungiwe ofisi?" aliulizwa na mkubwa mmoja.

Hakutaka ifungwe, alitaka ihamishwe. Kituo chetu kipo chini ya mteremko, penye kivuli na choo. Yaani tunakagua malori ambayo tayari yamenusurika! Alibembeleza hadi akapewa miezi minne ya majaribio kule juu, breki kwanza. Ajali za malori mteremkoni zikashuka kutoka tisa, miezi kama hiyo mwaka uliotangulia, hadi mbili. Mwenyewe alisema miezi minne haitoshi kuthibitisha, akaomba mwaka mzima. Jibu likawa kurudishwa chini, kwa sababu wakaguzi walilalamikia jua.

Jua! Tangu siku hiyo watu wameendelea kufa kwenye mteremko ule ule, nasi tumeendelea kupongezana kwa wingi wa stika.

Ombi lake limo tena katika ajenda ya kikao cha Jumatatu, safari hii likiwa na saini za wakaguzi kumi na wanne, wakiwemo waliolalamikia jua.

Asante, Mzee wetu, kwa kutufundisha kujiuliza kama tunasaidia. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wengi wa kukuchosha. Mwaka ulionyimwa tutaudai sisi.