Bi. Wachuka, Aliyeipunguza Kiamwendia

Bi. Wachuka Ngatia anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kuitumikia idara yetu ya ramani na takwimu hapa Nyeri kwa miaka thelathini na moja. Alianza na kalamu ya wino, rula na wembe wa kukwangua makosa. Anaondoka akiwa na kompyuta mbili, na bado haruhusu mtu kuzigusa.

Tuliofanya kazi chini yake tunazijua sheria zake. Rangi nyekundu huombewa ruhusa. Mchoro wa duara uliokatwa vipande vingi aliuita chapati iliyokanyagwa, akaurudisha kwa mwenyewe hata kama mwenyewe ni mkurugenzi. Alipowachorea wafanyabiashara wa Kagio bei ya nyanya ya mwaka mzima, alichora nyanya badala ya mistari: kubwa bei ikipanda, ndogo ikishuka. Bango lilipobandikwa sokoni, wateja walidai wauziwe zile kubwa za Aprili.

Lakini kazi tutakayomkumbuka nayo ni ramani ya uzazi. Akina mama wa wadi ya Kiamwendia walikuwa wakisafiri mbali kuliko wote kwenda kujifungua, na wengine walijifungulia njiani. Ripoti ziliandikwa, hazikusomwa. Bi. Wachuka akachora kila wadi kwa kipimo cha safari hiyo. Mama akienda mbali, wadi inavimba. Hospitali ikiwa karibu, wadi inasinyaa. Kiamwendia ikajaza nusu ya karatasi.

Alisahau jambo moja tu, kwamba huku kwetu mtu akiona ramani huona shamba. Ramani ilipotoka, ofisi ilijaa watu wa wadi jirani, ambazo zilikuwa zimesinyaa. Mzee Kingori alikuja na hati yake ndani ya bahasha, akapiga meza: "Hii ramani imekula shamba yangu! Title niko nayo hapa!" Kiamwendia kwenyewe kulikuwa na sherehe. Mheshimiwa Mwai, mwakilishi wao katika bunge la kaunti, alisimama kanisani akashukuru: "Madam Wachuka ametutambua. Saa hii sisi ndio wakubwa!"

Mwingine angejificha. Yeye alikwenda huko Jumapili iliyofuata, akasimama mbele ya waumini wale wale na ramani ile mkononi, akawaeleza walichokuwa wakisherehekea. Kisha Nduta, aliyejifungua kando ya barabara, akamgeukia Mheshimiwa: "Ati wakubwa? Rudi huko kwa kaunti utupunguze!" Tangu siku hiyo Mheshimiwa hakuwa na raha. Popote alipokwenda, hata matangani, aliulizwa amewapunguza kiasi gani. Alipiga kelele bungeni hadi kituo cha afya chenye wodi ya uzazi kikajengwa, na mwaka jana kikafunguliwa.

Wiki iliyopita Bi. Wachuka aliichora upya ramani ile, kazi yake ya mwisho kwetu. Kiamwendia imekuwa ndogo hata jina lake halikutoshea ndani, ikabidi liandikwe pembeni. Aliitazama, akalia, nasi tukalia bila haya.

Bi. Wachuka, asante sana. Ofisi itakuwa na upweke bila ukali wako. Nenda nyumbani Othaya ukapumzike, majani chai yako yastawi, na Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha. Ramani yako mpya hatunayo tena. Watu wa Kiamwendia wameichukua wakaitundika kwenye wodi ya uzazi, na ndio watu pekee wa Nyeri tunaowajua wanaojivunia kupungukiwa na shamba.