Dakika Tisa za Giza

Wasikilizaji wapendwa, kitendawili. Najua hamwezi kunijibu kutoka huko mliko, basi nitakitegua mwenyewe: ana jicho moja, na halilii hata msibani. Kamera. Leo namkumbuka mwanamke aliyeishi na jicho hilo. Tulimzika Jumamosi iliyopita. Na nisiwafiche, bibi yenu nimekuja hapa nina hasira.

Alikuwa mpiga picha za pasipoti. Miaka kumi na tisa katika chumba kimoja, stuli moja, pazia moja jeupe. Kila siku watu walimwambia arudie, hapo hawakutoka vizuri. Akarudia hadi akachoka. Alipoamua kutengeneza filamu yake mwenyewe, akaweka sharti moja: kila tukio litapigwa mara moja tu. Hakuna kurudia.

Filamu ilikuwa na watu watatu. Yeye mwenyewe. Mpiga pasi wa hospitali, ambaye huzungumza na mashuka. Na mwalimu aliyeachishwa kazi kwa kumwuliza mkaguzi, mbele ya darasa zima, kama ana furaha. Watatu hao hakuna aliyewaalika popote, basi wakaalikana wenyewe. Kila Jumanne walizunguka mitaani wakiuliza watu swali moja: asubuhi unaamkia nini? Wengine walijibu. Wengine waliwafukuza. Muuza viatu mmoja aliwaambia yeye anaamkia kibofu. Na hilo likaingia kwenye filamu.

Siku moja wakapiga ndani ya chumba cha kufulia cha hospitali. Dakika tisa. Walipokuja kuangalia, giza tupu. Hakuna aliyekumbuka kuondoa kifuniko cha lenzi. Sauti ipo, picha hakuna. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Wenzake wawili wakaomba warudie, mpiga picha akakataa katakata. Dakika tisa za giza zikabaki katikati ya filamu, na tangu siku hiyo wakamwita Kifuniko.

Humo gizani mpiga pasi anaulizwa anaamkia nini. Anasema, "Naamkia mikunjo. Mgonjwa asilalie mkunjo." Basi. Kabla ya kufa, Kifuniko alilala wodini miezi minne kwa ugonjwa wa figo, na shuka lake halikuwa na mkunjo hata mmoja.

Mama yake mzazi ameniambia ile ya giza ndiyo sehemu pekee aliyoitazama bila aibu. "Kwingine kote nilikuwa naangalia nywele zake," alisema. "Pale ndipo nilipomsikia mwanangu."

Sasa nisikilizeni. Jumapili, siku moja baada ya mazishi, filamu ilionyeshwa ukumbini kumkumbuka. Tukakaa. Tukasubiri giza. Giza halikuja. Kaka yake na meneja wa ukumbi walikaa wawili wakakata dakika zote tisa. Nilimfuata kaka mtu mlangoni. Akanieleza kwa upole kwamba watu wangedhani dada yake hakuijua kazi. Nikamwambia, "Baba, jana ulimzika dada yako. Leo umemziba mdomo." Mpiga pasi alikuwa amesimama pale pale, koti mkononi. Alitazama viatu vyake tu.

Lakini hasira iliyobaki ni juu yangu mimi mwenyewe. Miaka miwili iliyopita Kifuniko alikuja hapa studio na kipande hicho, akaniomba nikirushe. Nikamwambia, mwanangu, hii ni redio, filamu peleka televisheni. Televisheni wakamwambia haina picha. Aliniletea kitu cha masikio, mimi ninayekula kwa masikio ya watu, nami nikamwonyesha mlango.

Mama mzazi, pole sana. Mwalimu, mpiga pasi, poleni. Kaka mtu, pole hata wewe, ingawa bado hatujapatana.

Mwalimu amenikabidhi nakala nzima ya zile dakika tisa. Mtamsikia Kifuniko naye akijibu lile swali. Jibu lake siwaambii, ni lake. Wakati mnamsikiliza, kila mmoja ajiulize yeye anaamkia nini, na asijidanganye, maana hakuna anayemwona.

Fundi mitambo ananionyesha saa. Anasema zimebaki dakika sita tu kabla ya taarifa ya habari. Taarifa ya habari itasubiri. Weka, mwanangu. Na usikate.