Hati ya Nyumba Iko kwa Baba Yenu Mdogo

Sogeeni, wanangu, na mnisamehe mapema, maana habari hii nitaisimulia ovyo: pumzi zimebaki chache, na mtu mwema ndani yake si mimi, jambo linalonikera hadi leo.

Marehemu baba alipompa mdogo wangu, fundi cherehani, hati ya nyumba hii aitunze, na mimi mkubwa, karani wa masjala miaka thelathini na mmoja, nimekaa pale pale namtazama, moyo uliniwaka kama pasi. Kila mwezi nikawa naenda kwake, eti kumjulia hali, kumbe natafuta japo kinyesi cha mende nimlaumu. Wapi! Hati imelazwa bapa, haikukunjwa, haina pini ya kushika kutu, imo ndani ya bahasha safi kwenye boksi gumu, juu ya kabati lisilogusa ukuta, mbali na jiko na bomba. Nikinyoosha mkono, ananiuliza, "Kaka, umenawa? Umejifuta?"

"We mshona suruali, unanifundisha karatasi mimi?"

"Sikufundishi, kaka. Jifute tu."

Nikaidai kwa ubabe wa ukubwa. Akaomba siku moja, kisha akanipa. Nikaikunja mara nne, nikaibana pini, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuitia chini ya kitanda hiki, upande wa ukuta wa bafu. Mvua za miaka miwili zilipopita nikaifungua: imeota ukungu, imegandana, jina la baba halisomeki. Nikawaambia nyinyi kwamba baba yenu mdogo ameipoteza. Miaka minne hamumsalimii, naye amenyamaza asinivunjie heshima mbele ya watoto wangu. Hata ukimya huo nauonea wivu.

Lakini nyumba hamjaikosa. Ile siku moja aliyoomba, nimekuja kujua baadaye, alikwenda ofisi ya ardhi akatoa nakala, ikathibitishwa na kugongwa muhuri. Alinijua.

Nendeni leo, wote watatu. Mwombeni radhi, kwa ajili yenu na kwa ajili yangu. Nakala ibaki kwake. Nyumba ni yenu sawasawa, asiuze mmoja bila wawili.

Nipeni maji... Basi, yatosha.

Mungu awape mikono mikavu, na mioyo... isiwe kama wangu.

Na wewe, binti yangu unayeandika... ukimaliza, usiniwekee karatasi hiyo chini ya mto. Mpelekee yeye. Nikiachiwa mimi, hata kufa kwangu kutakosa ushahidi.