Historia ya Marehemu Eudelia Cantú, Aliyefundisha Watoto Kupokea Simu

Msomaji wa historia hii, Baldemar Salinas, mdogo wake marehemu, anaanza kwa kuungama mbele ya Mungu na mbele yenu kwamba tangazo la msiba lililosomwa redioni tangu Jumatano, lile lililosema marehemu alikuwa polisi kwa miaka ishirini na minne, aliliandika yeye, na halikuwa kweli, kwa kuwa dada yake hakuwa polisi hata siku moja, hakuvaa nyota kifuani wala hakushika bunduki, alikuwa mpokea simu za dharura na baadaye mwalimu, na msomaji alilijua hilo vizuri, ila aliona neno polisi linasikika kubwa zaidi redioni. Majivuno hayo ni yake, marehemu hakuwa nayo, na anaomba radhi.

Marehemu Eudelia Salinas Cantú alizaliwa tarehe 9 Septemba 1957 katika shamba la Las Comas, kusini kabisa mwa Texas, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu baba Amadeo Salinas na marehemu mama Petra, akabatizwa mwezi uliofuata katika kikanisa cha mbao ambacho wengi wenu hamkukiona, kilichukuliwa na kimbunga.

Kwa upande wa elimu, alianza shule ya msingi hapa Retamal mwaka 1964, lakini kila mwaka ifikapo Aprili familia nzima ilipanda lori kwenda Minnesota kupalilia mashamba ya watu, na kurudi Oktoba wenzake wameshafika mbali, hivyo akazoea kukaa nyuma ya darasa na kusikiliza kuliko kusema, tabia ambayo mwenyewe alikiri kwamba ndiyo iliyomlisha maisha yake yote. Alihitimu sekondari tarehe 28 Mei 1976, wa kwanza katika ukoo wetu, na baba alilia siku ile, kisha akasema ni vumbi.

Baada ya masomo alifanya kazi katika kiwanda cha kufungasha mabalungi hadi tarehe 2 Machi 1981, alipoajiriwa katika chumba cha simu cha ofisi ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, chumba kisicho na dirisha, ambako kazi yake ilikuwa kupokea simu ya kila aliyevamiwa, aliyeungua, aliyepotelewa na mtoto au aliyegombana na mumewe, na kumtuma askari au gari la wagonjwa. Barabara nyingi za huku wakati ule hazikuwa na majina, naye aliijua kaunti kwa nyumba zake, askari wakawa wanamtania redioni, "Eudelia, tupe anwani, usitupe hadithi," naye anawajibu, "Anwani iko ofisini, baba, huko uliko kuna mama anayefuga bata, ukiwaona bata kata kushoto," nao walipofika wakawakuta bata.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Bwana Heriberto Cantú, mfungua maji wa mifereji ya mashamba, tarehe 14 Juni 1980 katika parokia hii hii, wakajaliwa watoto wawili, Maricruz, aliyezaliwa mwaka 1982, na Eliud, aliyezaliwa mwaka 1985, na wajukuu watano, ambao wote wako mbele yenu hapa. Shemeji Heriberto ametuomba tuseme kwamba katika miaka yote ya ndoa hakumbuki mkewe kumkatiza akiongea, ingawa anakumbuka vizuri mara ambazo yeye alimkatiza.

Mwezi Agosti 2005, baada ya kustaafu, shule ya sekondari ya mji ilimwita aanzishe somo la sheria na usalama kwa vijana wa kidato cha pili hadi cha nne, ili wajue polisi anafanya nini, mahakama inafanya nini, na mtu akikamatwa ana haki gani. Vijana walikuja na mambo ya kwenye televisheni, siku ya kwanza mmoja akauliza, "Mwalimu, bunduki tutashika lini?", akamjibu, "Ukishajua jirani zako wote wanakaa wapi," na tangu siku hiyo akawatembeza kwenye vitongoji visivyo na vibao wachore ramani, wakarudi na viatu vimejaa matope, wakilalamika kwamba wamejiunga na somo la kufukuzwa na mbwa. Aliwapeleka mahakamani kusikiliza watu wakisomewa mashtaka, akiwaonya njiani wasimcheke aliyefungwa pingu, kwa sababu huenda ni mjomba wa aliyeketi naye, na kweli mwaka mmoja aliletwa baba mzazi wa kijana mmoja wa darasa lile, marehemu akahama kiti, akakaa karibu na kijana yule mpaka kesi ikaisha. Kijana huyo amekuja leo kutoka Houston, na yeye ndiye aliyetuomba tulitaje jambo hilo.

Lakini moyo wa somo lake ulikuwa Alhamisi, siku ya simu. Aliomba shule imwekee simu nne darasani na laini yake maalumu, kisha akawaomba akina mama wa Chama cha Mama Maria wa Guadalupe wawe wapigaji, kila mmoja nyumbani kwake, abuni shida yake, apige, na mwanafunzi apokee kama vile yuko katika chumba cha sherifu. Mkuu wa shule wa wakati ule aliziita simu za mchezo, akasema wazi kwamba zikileta tatizo hata moja atazing'oa, na marehemu alifanya kazi miaka yote ile akilijua hilo. Akina mama nao walishindana, leo mmoja mumewe amekwama juu ya paa na hataki kushuka mpaka aombwe msamaha, kesho mwingine mbuzi ameingia sakristia, ila hakuna aliyemfikia Bibi Encarnación Ybarra, tuliyemwita Bibi Chona, ambaye alikuwa anakufa karibu kila wiki, kwa namna mpya, na vijana walimpenda hata wakawa wanagombania kumpokea.

Alhamisi tarehe 17 Novemba 2011 simu ililia, akapokea Nereida Lozano, wa kidato cha tatu, binti mwenye sauti ndogo ambaye wenzake walimtania kwamba mwizi mwenyewe angemwomba aongeze sauti kidogo. Aliyekuwa upande wa pili ni Bibi Chona, akasema, "Mjukuu wangu, leo kifua kimenibana, na mkono huu nao umekuwa mzito." Darasa likaanza, "Huyo Bibi Chona, wiki iliyopita si tulimzika?", mwingine, "Muulize safari hii anafufuka saa ngapi," na marehemu, aliyekuwa akisikiliza kwenye simu ya pembeni, naye akatabasamu, kwa kuwa mwezi wa kumi Bibi Chona alikufa kwa moyo kwa maneno yale yale, na kulikuwa na wapigaji wengine wanangoja, akamwambia Nereida, "Leo amerudia ile ya zamani, mwambie asante, kata, upokee mwingine."

Nereida hakukata. Aliuliza yale aliyofundishwa kuuliza kabla ya yote, uko na nani, mlango umefungwa au uko wazi, unaona nini mbele yako, na Bibi Chona akajibu kwamba yuko peke yake, mlango umerudishiwa tu, na mbele yake anaona chungu cha maharage kinatoa moshi, yanaungua, naye hawezi kuinuka akazime moto. Nereida akaziba simu kwa kiganja, akasema, "Mwalimu, maharage ya Bibi Chona yanaungua."

"Nimesikia, ndiyo anavyoigiza."

"Bibi Chona haunguzi maharage, Mwalimu. Hata kwa mchezo hawezi kulisema hilo."

Ninyi mliomjua Bibi Chona hamhitaji maelezo, mwanamke aliyewahi kutoka katikati ya Misa ya Pasaka, mbele ya Askofu, kwa sababu alihisi ameacha maharage kwenye moto mkubwa. Marehemu alisimama mpaka kiti kikaanguka, akachukua simu ya ofisi, akapiga kule kwenye chumba chake cha zamani, akawaambia, nyuma ya pampu ya maji, nyumba ya kijani, mbwa hana neno, ingieni tu, na wakati wote huo Nereida alibaki na Bibi Chona, akimwuliza maharage yale ameyatia nini, na kama kitunguu kinatangulia au kinafuata, kwa sababu aliona akiulizwa mapishi anajibu, na akiachwa ananyamaza, mpaka zikasikika sauti za wanaume mlangoni. Ulikuwa moyo kweli. Bibi Chona alipona, akaishi hadi mwaka 2019.

Mji mzima ukamsifu marehemu, Padre akamtaja kwenye mahubiri, watu wakamletea tamale, zile za unga wa mahindi na nyama, mpaka akakosa pa kuziweka, lakini mtoto wa kiume wa Bibi Chona, aishiye San Antonio, alikasirika, na alikuwa na haki, akauliza inakuwaje mama yake azoeshwe kupiga simu darasani badala ya kupiga namba ya dharura, na mkuu wa shule akaitisha kikao cha bodi ili simu zile zing'olewe. Wako waliomshauri marehemu, na msomaji alikuwa mmoja wao, Mungu amsamehe, kwamba aeleze tu jinsi darasa lilivyomwokoa bibi, hayo mengine ayaache, kwani hakuna aliyemsikia zaidi ya watoto. Tarehe 6 Desemba 2011, katika bwalo la shule, alisimama mbele ya wazazi na bodi akasema, "Mnanisifu bure. Mimi nilisema kata, nikasema mara moja na kwa sauti, na mtoto huyu hakukata. Mkitaka kuondoa kitu, niondoeni mimi, simu ziacheni."

Mmoja wa bodi alikuwa tayari ameshaanza kusema kwamba kwa maneno hayo mwalimu mwenyewe amemaliza kazi, ndipo Bibi Chona, aliyekatazwa na daktari kutoka nyumbani, akaja mbele na kigari chake cha kutembelea, akasema, "Niliipiga namba ile kwa sababu ndiyo iliyo kwenye vidole vyangu, hilo ni kosa langu. Lakini kwenye simu hiyo nimekufa mara nyingi, na kila mara kuna mtoto aliyeniuliza niko na nani. Mwanangu huyu mnayemwona ananiuliza Krismasi tu. Sasa mkiifunga, nimpigie nani, redio?" Watu walicheka, mtoto wake naye akacheka huku amefunika uso, na mwaka uliofuata alikuwa akimpigia mama yake kila Jumapili, Bibi Chona akawa analalamika kwamba anamsumbua. Bodi iliziacha simu, kwa sharti la kuwekwa laini ya moja kwa moja hadi chumba cha sherifu, na kila simu ihesabiwe ya kweli mpaka ijulikane vingine.

Tangu hapo kila Agosti, siku ya kwanza ya darasa, marehemu aliwaambia vijana wapya kisa hiki chote, na kosa lake ndani yake, hakulipunguza. Kati ya wanafunzi wake wamo askari, wamo wapokea simu, wawili ni mawakili wanaowatetea wasio na uwezo, na wengi zaidi ni watu wa kawaida wanaojua la kufanya jirani akigonga mlango. Nereida hakuwa polisi, anauza matairi ya mitumba na mumewe pale kwenye barabara kuu, na ndiye aliyemwosha marehemu nywele wiki zake za mwisho.

Marehemu aligundulika na maradhi ya figo, yaliyotokana na kisukari, tarehe 12 Machi 2018, akaanza kusafishwa damu kwa mashine Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, akawasumbua wauguzi kwa wiki tatu mpaka wakamhamishia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akaendelea kufundisha hadi Desemba iliyopita, nguvu zilipomwisha. Alipakwa mafuta ya wagonjwa, akaaga dunia asubuhi ya Jumanne tarehe 6 Februari 2024, nyumbani kwake, akiwa na mumewe na watoto wake wote wawili, mwenye umri wa miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kituo cha kusafisha damu, waliovumilia kuulizwa kila mmoja anatoka mtaa gani, inawashukuru majirani waliotulisha wiki nzima bila kuitwa, askari na wapokea simu wa kaunti waliobeba jeneza, walimu wenzake, Padre na wanakwaya, na wanafunzi wake wa miaka yote, waliojaa mpaka nje. Hatuna cha kuwalipa, Mungu anawajua kwa majina.

Limebaki jambo moja. Mwalimu kijana aliyechukua darasa, Osvaldo Peña, ametoka mbali na hajui mtu hapa, akina mama wa Guadalupe wengi wamezeeka au wametangulia, na tangu Januari watoto wamekaa mbele ya simu Alhamisi baada ya Alhamisi, hailii. Shule imesema hali ikiwa hivi, mwisho wa mwaka simu zitatolewa. Jumatatu jioni, siku moja kabla ya kufariki, marehemu alimuuliza mdogo wake, "Alhamisi nani atapiga?", naye, ili dada yake apate kulala, akamjibu, "Watapiga, dada," ilhali hakujua kama yuko hata mmoja. Akalala.

Dada Eudelia, umesikiliza vya kutosha, Bwana akupokee na akusikilize wewe sasa.

Namba ya darasa imeandikwa nyuma ya karatasi ya ibada mliyoishika. Alhamisi hii, baada ya chakula cha mchana, mpigieni mtoto atakayekuwa pale, mwambieni shida yoyote mtakayoibuni, naye akiwauliza mko wapi, mjibuni.