Uzi wa Bluu kwenye Soketi ya Taa

Mwanamke mmoja alimkuta fundi umeme wa magari ndani ya basi, akaketi kando yake upande wa njia ili asipate pa kupitia. "Leo huponyoki. Soketi ya taa ya gari langu iko wapi?"

"Nilikufungia mpya, mama. Ile ilivunjika jino la kufungia, waya zikawa zinachomoka."

"Jino lilivunjika zamani! Marehemu mume wangu akaifunga kwa uzi wa bluu, uzi wangu wa kushonea sare za watoto. Nilikuambia utengeneze taa, sikukuambia utupe kazi ya mikono yake!"

"Uzi ulishaanza kuungua! Ulitaka gari liwake moto na hao watoto ndani?"

"Usinitajie watoto wangu!"

Abiria wote tukageukia madirishani, kana kwamba nje kuna sinema. Fundi alikuwa anasema kweli. Hata hivyo sikumtetea. Mfukoni nilikuwa na miwani ya marehemu mama yangu, iliyobaki kioo kimoja.

Basi likasimama. "Pipa la taka la gereji mmeshalimwaga?" mwanamke akauliza, akitangulia kushuka.

Fundi akainuka. Alimfuata huku akikunja mikono ya ovaroli.