Wasifu wa Marehemu Arvella Cosay Hinton, Aliyechomewa Nyumba na Watu wa Sinema

Mchungaji Voss alituomba, kwa upole wake wote, kwamba leo tusiitaje ile filamu. Alisema msiba si mahali pa ugomvi. Tumemsikia, tumemshukuru, na tutaitaja. Mama yetu aliishi nayo tangu utoto hadi kitandani alipofia, na asiyeijua hamjui yeye. Jambo la pili ni hili: kwetu jina la aliyefariki haliitwi ovyo. Ukiliita unamwita mwenyewe, naye anapaswa kuachwa aende. Kwa hiyo jina lake mtalisikia katika wasifu huu, kisha tutaliacha.

Marehemu Arvella alizaliwa tarehe 9 Mei 1943, karibu na Bylas, katika eneo la Waapache la San Carlos, Arizona. Alikuwa mtoto wa kwanza wa hayati Amos Cosay, mchunga ng'ombe, na hayati Nettie Cosay. Baba yao alifariki mapema. Nettie akabaki na mabinti wawili, Arvella na mdogo wake Beulah, ambaye tumejaliwa kuwa naye hapa leo. Waliishi katika nyumba aliyoijenga Nettie kwa mikono yake: fito zilizopindwa na kufungwa, nyasi juu yake, na turubai juu ya nyasi. Nettie alikuwa na sauti kubwa. Akisimama mlangoni na kuita watoto, walisikia hata wakiwa ng'ambo ya mto, na mwenye duka alizoea kuwaambia, "Nendeni, mnaitwa, msinitie matatani na mama yenu."

Mwaka 1950 marehemu alichukuliwa kwenda shule ya bweni, mbali na nyumbani. Hatutaitaja shule hiyo, maana haistahili kuingia katika karatasi hii. Huko alichapwa kwa kusema lugha ya mama yake, na alisimamishwa juani kwa kugeuza shingo kwenye mstari. Alikuwa akituambia, "Nilijifunza kusoma, kuhesabu na kutotikisika." Watu walicheka akisema hivyo. Sisi wanawe hatukucheka, kwa sababu tulijua kinachofuata.

Agosti 1957, marehemu akiwa nyumbani likizo, akaja mtu anayeitwa Lowell Strake na malori mawili. Alikuwa anatengeneza sinema ya kaboi: askari wa farasi, ngome, na Waapache wakali wa kupigwa risasi. Iliitwa *Tarumbeta ya Korongo Jekundu*. Fedha hakuwa nazo. Farasi walikuwa walewale. Asubuhi wanabeba askari, mchana wanapakwa mabaka ya chokaa na kuwa farasi wa Waapache. Panga za askari zilikuwa za mbao. Wanaume wa Bylas walivalishwa manyoya ya bata mzinga kichwani, vazi ambalo babu zao hawakuwahi kulivaa hata siku moja, na walipolalamika waliambiwa wenye kulipa tiketi wanalipenda. Na chifu wetu, jamani, alikuwa Mtaliano kutoka mjini, aliyepakwa rangi ya kahawia. Jua lilipochachamaa rangi ikaanza kumtiririka shingoni. Nettie akamwonea huruma, akampa kitambaa.

"Jifute, mwanangu. Unayeyuka."

Yule kijana alijifuta, akacheka, akaomba mkate. Tunamtaja kwa wema, kwa sababu katika kundi lile lote ni yeye pekee aliyekuja baadaye kuomba radhi.

Vibanda vyao vya sinema vilikuwa vya maboksi, na upepo ukavibeba. Strake akawalipa akina mama wamjengee vingine, nao wakavijenga vizuri, karibu na nyumba ya Nettie. Siku ya mwisho ilikuwa siku ya askari kuvamia kijiji na kukichoma. Wakavichoma vibanda vyote, moto ukapanda, askari wakakimbia huku na huku na panga zao za mbao, kisha mpiga picha akagundua kamera ilikwama na haikunasa kitu. Jua lilikuwa linashuka. Mkanda ulikuwa umebaki mmoja. Na cha kuchoma kilikuwa kimebaki kimoja.

Nettie alikuwa amekwenda dukani na Beulah. Strake hakumsubiri. Hakumtuma mtu. Aliitazama nyumba yenye blanketi za watu, sufuria za watu na mahindi ya watu ya msimu mzima, akasema, "Hiyo hapo inafaa." Mtu mmoja wa Bylas alimwambia kwamba ndani wanaishi watu. Strake akajibu kwamba atawajengea nyingine, kwani si vijiti tu?

Marehemu, msichana wa miaka kumi na minne, alikuwa amesimama palepale na gauni lake la kuigizia. Alijaribu kusema. Strake akamshika bega, akamlaza kifudifudi mbele ya mlango.

"Wewe umekufa. Usitikisike mpaka nikwambie. Mkanda ni huu mmoja tu, umenielewa?"

Alielewa. Alikuwa amefundishwa vizuri sana kuelewa.

Sasa sikilizeni, hasa mliokaa nyuma. Kwetu nyumba ya mtu huchomwa kwa sababu moja tu: aliyeishi ndani amefariki. Inachomwa pamoja na vitu vyake ili asirudi kuvitafuta. Hakuna sababu nyingine. Hata mtoto mdogo akiona moshi juu ya nyumba hasemi "moto". Anauliza nani amekufa. Nettie alikuja na njia ile ya dukani, mfuko wa unga begani, akaona nyumba yake inaungua. Mama mdogo Beulah alikuwa na umri wa miaka sita, na anakumbuka.

"Aliuangusha ule unga," anasema. "Hakuniangalia hata mimi. Alikuwa anatafuta nani hayupo, na mimi nilikuwepo."

Nettie alikimbia katikati ya farasi na askari na moshi, akiita jina la mwanawe wa kwanza kwa sauti yake yote. Kisha akamwona amelala mbele ya mlango. Akaita tena, amemwinamia. Na mtoto, aliyekuwa anasikia kila kitu, hakujibu, kwa sababu mzungu alikuwa amesema asitikisike. Kamera ilikuwa inazunguka na mashine ya kunasa sauti ilikuwa imewashwa. Strake alikuwa anapunga mkono wasikatize.

Alipopata alichotaka alipiga makofi. Akamwambia Nettie kuwa ana kipaji. Akampa mkebe wa kahawa. Malori yakaondoka asubuhi, na nyumba aliyoahidi hatujaiona mpaka leo.

Nettie alijenga kwingine, mbali na pale. Aliishi hadi mwaka 1971, na katika miaka hiyo yote hakumwita tena mwanawe kwa jina. Hakuwa amemkasirikia. Alikuwa amemlilia kama maiti, kwa jina, juu ya moto wa nyumba, na jambo hilo halirudishwi nyuma kwa kuambiwa ilikuwa mchezo. Aliogopa kwamba akimwita tena atampoteza kweli. Akawa anamwita "binti yangu," au "wewe," au anatuma mtu: mwambie dada yako aje. Marehemu alitusimulia kwamba alikuwa akisimama nyuma ya mlango, mtu mzima na watoto wake, akisubiri labda mama atasahau na kuteleza. Nettie hakuteleza. Strake aliichukua sauti ile, akaiuza kwenye majumba ya sinema. Mjini Globe watazamaji walishangilia, na gazeti moja likamsifu "mwanamke mzee asiyejulikana." Alikuwa anajulikana sana. Ni wao hawakuuliza.

Baada ya shule marehemu alifanya kazi ya upishi katika shule ya msingi hadi alipostaafu mwaka 2005. Mboga zake mtazikumbuka, na supu yake ya mbegu za mwaloni mtaikumbuka zaidi. Lakini alifika mara kadhaa mbele ya mwalimu mkuu kwa kosa moja. Alikuwa akiwaambia watoto kwenye foleni ya chakula, "Mama yako akikuita, itika. Hata kama mwalimu amekukataza kusema, wewe itika. Mimi nitajibu kesi." Mwalimu mkuu alimwuliza kama anataka kuivunja nidhamu ya shule. Akasema ndiyo, na kama kuna karatasi ya kutia saini ailete.

Tarehe 11 Juni 1966 alifunga ndoa na Wendell Hinton wa Peridot, fundi wa kuchomelea vyuma. Wendell alipoposa alipewa sharti moja.

"Utaniita kwa jina langu kila siku."

"Hata nikiwa nimekasirika?"

"Hasa ukiwa umekasirika."

Baba yetu alilitimiza. Alimwita kutoka kwenye lori, kutoka juu ya paa, kutoka bafuni akitafuta taulo, mpaka majirani wakamtania kwamba ameoa mke kiziwi. Walijaliwa watoto watatu. Baba alifariki mwaka 2009, na tangu siku ile nyumba ikawa kimya kwa namna ambayo sisi watoto, tunaomwita "mama," hatukuweza kuiondoa.

Mwaka 1991, baba akiwa bado hai, yeye na mama waliendesha gari hadi California, kwa mjane wa Strake. Marehemu alikaa barazani kwake, akasema hatoki. Mjane alisema filamu ile ni takataka tu za marehemu mume wake, zinamjazia gereji. Mama akamwambia, "Basi nipe takataka hizo. Ndani yake yumo mama yangu." Walirudi na makasha yote, mkanda wa asili na nakala yake, na hatuna habari ya nakala nyingine iliyo nzima. Aliyaweka chini ya kitanda. Hakuyafungua. Aliwahi kusema angeyachoma siku ileile kama isingekuwa jambo moja: mahali pekee duniani ambapo mama yake analitaja jina lake ni humo.

Kisukari kilimwanza mwaka 2003, na tangu 2014 alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Oktoba mwaka huu alisema imetosha, na madaktari walikubali. Jumapili tarehe 28, baada ya chakula cha mchana, alimwita binti yake Roselda, akamwambia ayatoe makasha. Mwanawe Darrell akaazima projekta. Tukafunga mapazia. Mama alisema hataki kuona uso wa mtu yeyote aliyevaa manyoya, yeye anataka kusikia tu, akafumba macho. Yakapita matarumbeta ya kijinga, zikapita bunduki, wakapita farasi wa chokaa. Kisha sauti ya Nettie ikajaa chumba. Iliita mara ya kwanza, na mama mdogo Beulah akatoka nje. Ikaita tena, ile ya kumwinamia.

Mama yetu akasema, kwa lugha waliyomchapia, "Nipo, mama. Nimekusikia. Niliambiwa nisitikisike."

Mkanda ukaisha, macho yake bado yamefumbwa. Tukadhani amelala. Kisha akasema, "Sasa mtaichoma pamoja na vitu vyangu."

Mjukuu wake Tiana alilia. Alisema hajawahi kumwona bibi Nettie akitembea, na picha nyingine hatuna, kwa nini tumchome?

"Ukitaka kumwona," mama alimjibu, "mtazame Beulah akienda jikoni. Mwendo ni uleule. Yule wa kwenye mkanda hatembei, mjukuu wangu. Yule anateswa, na kila anayewasha mashine anamtesa upya."

Alifariki Jumamosi tarehe 3 Novemba 2018, saa nne asubuhi, nyumbani kwake.

Jumanne walifika nyumbani wageni wawili kutoka chuo kimoja cha California, na shada la maua na sanduku la kuhifadhia mikanda. Walisema filamu ile ni hazina ya taifa.

"Taifa lipi?" Darrell aliuliza.

Bwana Aldrich, aliye mkubwa wao, alisema ni la wote, na kwamba kipande cha mama anayekimbia ni uigizaji ambao haujapata kutokea katika filamu za bei rahisi.

"Hakuwa anaigiza," mama mdogo Beulah alisema. "Umekula, mwanangu?"

"Bado, mama, lakini kuhusu makasha—"

"Basi kaa ule. Supu ipo. Hicho kingine hutakipata."

Wamekula, na leo wamekuja tena, wamekaa nyuma. Karibuni. Ndugu zetu, mmetuandikia kwamba tukiichoma tutakuwa tumeharibu historia. Mwenzenu alichoma nyumba ya mtu aliye hai, hakuna chuo kilichoandika barua. Mkanda huu ni mali ya marehemu. Kwetu mali ya marehemu inakwenda na mwenyewe: kitanda chake, nguo zake, sufuria zake, na hayo makasha. Moto utawashwa kwake baada ya kaburi kufunikwa. Kila mtu anakaribishwa. Simu zitabaki kwenye magari, na atakayepiga picha ataondolewa na wajukuu, nao si askari wa panga za mbao.

Marehemu ameacha mdogo wake, Beulah Cosay, watoto wake, Roselda, Darrell na Lyle, wakwe wawili, wajukuu saba, na kitukuu mmoja ambaye bado hajapewa jina. Familia inawashukuru wauguzi, majirani waliopika, na wachimba kaburi.

Mama yake alimwita, naye ameitika. Asiitwe tena na mtu. Mwacheni apumzike.