Banda Katikati ya Mto

Ndani ya basi la kwenda mji wa Maun, Lesedi aliacha kutafuna karanga ili asikie vizuri. Mzee Mosweu alikuwa akimtambia mama aliyeketi naye kwamba amejenga banda la mbuzi katikati ya mto uliokauka.

"Maji yako njiani, Rra," mama akamwambia, akimwita bwana kwa lugha yao. "Ni mvua iliyonyesha Angola Januari."

"Leo Juni! Yanatembea kwa magongo?"

"Yanapita kwenye mafunjo, yanapenya mchangani. Yana haraka gani?" mama akajibu. Lesedi akamkumbuka shemeji yake, aliyealikwa Krismasi akafika Pasaka, akaona inawezekana.

"Mama, wingu liko wapi? Mafuriko bila wingu ni uchawi!"

Basi likasimama darajani. Kule chini maji yalikuwa yametapakaa, na mbuzi wanne walikuwa juu ya paa la banda, wakilitazama basi kwa lawama.

Mzee akatazama mbingu isiyo na wingu. "Haya, semeni. Nani kaacha bomba wazi?"